Siku Niliyomwaga Pipa la Maabara

Sikutumwa na mtu. Hakuna bosi aliyeniambia nitengeneze ile programu, na hakuna aliyeniahidi hata soda. Ilikuwa hasira yangu mwenyewe tu, na joto la Lodwar, ambalo likikushika mchana linakufanya uamini mambo mengi juu ya akili zako.

Mwaka wa 2012 nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya mradi mmoja wa elimu pale Lodwar. Nilikuwa nimehamishwa kutoka Kitale, kwa hiyo kwa wenyeji mimi nilikuwa mtu wa kutoka Kenya, maana ukivuka kwenda Kitale wao husema umeenda Kenya. Kazi yangu kubwa ilikuwa maabara ya kompyuta kule Kakuma, ndani ya kambi, ambako wakimbizi watu wazima walisomea. Kulikuwa na mashine kumi na mbili za msaada, kuukuu, diski zake ndogo, zote zinaendeshwa na mfumo wa bure kwa sababu ule wa kununua hatukuuweza. Na kila wiki simu ilikuwa ile ile: madam, diski imejaa. Diski ya mfumo ule ikijaa pomoni, mashine inakataa hata kukufungulia. Kioo kinabaki cheusi, na wanafunzi wanasema imekufa. Basi mimi nafunga safari ya Kakuma kwenda kufufua mashine kwa kufuta mafilamu.

Nilichoka jamani. Programu ya kupima diski ilikuwepo, nisiseme uongo, ilikuja na mfumo wenyewe. Lakini ilichora maduara juu ya maduara kama kitunguu kilichokatwa, na maandishi ya Kiingereza madogo madogo pembeni. Msimamizi wa maabara aliniambia kwenye simu kwamba aliifungua, akaitazama, akaifunga. Hapo ndipo nilipojiambia nitatengeneza yangu, ya watu wetu, kwa Kiswahili, ambayo hata mtu aliyeshika kompyuta jana ataielewa.

Nilianza kwa kuchora nyuma ya fomu za zamani za likizo. Kila folda niliifanya mraba: folda nzito, mraba mkubwa; nyepesi, mdogo. Kwenye vitabu wanaandika saraka, lakini sijawahi kumsikia mtu Lodwar akitamka saraka, kwa hiyo nikaandika folda na dunia haikuanguka. Nilihangaika pia na muda. Kwenye zile mashine, kupima diski nzima kulichukua karibu robo saa, na mtu akiona kitu kimetulia anabonyeza tena, na tena, mpaka mashine inakwama kweli. Nikaweka mstari unaotembea. Niliandika jioni na Jumamosi, nikafuta, nikaandika upya. Miezi minne ilikwenda hivyo.

Mtu wa kwanza kuijaribu alikuwa karani wetu pale ofisini, Mturkana wa Lowarengak, mwanamke wa mzaha mwingi, ambaye asubuhi hakuruhusu mtu apite mezani kwake bila kumsalimu ejok na kumwuliza habari za watoto. Nilimwonyesha ile miraba. Akaiangalia, akacheka, akaniuliza kama kompyuta yake imekuwa na mimba. Halafu akasema maneno yaliyobadilisha kila kitu.

"Usinionyeshe nini ni kubwa. Ninajua ni kubwa. Nionyeshe nini naweza kutupa nisijute."

Nilirudi nyumbani na hilo swali. Ni kitu gani mtu anatupa asijute? Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu: takataka. Kwenye mfumo ule, faili ukiifuta haiondoki. Inaingia kwenye pipa la takataka na inakaa humo inakula nafasi mpaka siku pipa linamwagwa. Watu wengi hawamwagi. Kwenye mashine yangu mwenyewe pipa lilikuwa limeshika robo ya diski. Nikaona nimeupata ufunguo. Pipa nikaliweka juu kabisa, mraba mwekundu, na chini yake kitufe kipana kama kioo chenyewe: Mwaga takataka.

Mwanzoni niliweka na lile swali la kawaida, je, una uhakika? Nikaliondoa. Nilikuwa nimeona watu wakibonyeza ndiyo bila kusoma, na nikajiuliza, nani ana shaka juu ya takataka? Nilijiona mjanja, haki ya Mungu. Nilimweleza karani kwa kiburi kabisa jinsi nilivyompunguzia mtu kazi ya kubonyeza mara mbili.

Mwishoni mwa mwaka ofisi ilipata masomo ya video ya hesabu na Kiingereza, yakatakiwa yawekwe kwenye mashine zote kumi na mbili kabla darasa jipya halijaanza. Nafasi haikuwepo. Nikasema hii ndiyo siku yangu. Jumatatu nikapanda gari la ofisi na laptopu yangu, tukakwama kwenye laga moja, mto wa mchanga, karibu na Lopur kwa muda wa saa mbili hivi, nikafika Kakuma nimejaa vumbi mpaka kwenye meno.

Msimamizi wa maabara alikuwa Mrundi, mkimbizi vilevile, mtu wa nidhamu, shati limechomekwa hata kwenye joto lile. Wanafunzi wote waliingia kwa akaunti moja iliyoitwa mwanafunzi, na yeye alikuwa na sheria yake: kila Ijumaa alipita mashine moja moja na kufuta chochote alichokikuta kisicho somo. Filamu, nyimbo, picha, barua, alifuta tu. Simlaumu. Mashine zikijaa, aliyepigiwa kelele ni yeye.

Jumanne asubuhi aliwakusanya wanafunzi, kama ishirini hivi, niwaonyeshe programu. Kwenye benchi lililokuwa karibu na mashine namba saba alikaa mama mmoja Mkongomani. Nilimfahamu kidogo. Alikuwa anakaanga mandazi asubuhi na kujifunza kuchapa mchana, na wote walimwita Mama Mapacha, kwa sababu alilea mapacha wa kike. Nikawasha programu. Mistari ikatembea, miraba ikatokea, na kwenye kila mashine mraba mwekundu ulikuwa mkubwa kuliko yote. Nusu ya diski. Kwingine zaidi. Nikacheka kwa sauti. Nikawaambia, ona nyie mnavyokaa na uchafu.

Na niliuliza. Hilo naweza kuapa. Niliuliza mbele ya watu wote, kwa Kiswahili cha kueleweka, kama kuna mtu ana kitu chake chochote ndani ya pipa. Kimya. Nikawatazama, wakatazama chini, msimamizi amesimama kando yangu amekunja mikono. Nikaandika kwenye daftari langu: watumiaji hawana pingamizi. Hilo daftari ninalo mpaka leo, na ukurasa ule siufungui.

Nilichokuwa sijui, na kila mtu kwenye yale mabenchi alikuwa anakijua, ni hiki. Vitu alivyovifuta msimamizi siku ya Ijumaa viliingia pipani, na wanafunzi walikuwa wamegundua zamani kwamba Jumatatu unaweza kuviokota. Baadaye wakaona hata hakuna haja ya kusubiri afute. Ukiwa na kitu chako cha maana, unakitupa mwenyewe. Msimamizi hakuwahi kulifungua pipa, maana kwake lilikuwa mahali pa kutupia tu, na mtu hachakuri taka zake. Kwa hiyo pipa lilikuwa ndiyo kabati pekee la maabara nzima. Barua za maombi zilikuwa mle. Picha za ndugu, vyeti vilivyoskaniwa, mahubiri, kila kitu. Na mimi niliwauliza mbele ya mtu yule yule waliyekuwa wanamficha. Nani angejibu?

Kuangalia ndani kungenigharimu mbonyezo mmoja. Programu yangu ilionyesha uzito wa pipa, haikuonyesha kilichomo. Miezi minne ya kuchora, na hilo halikunijia.

Tukamwaga. Mimi upande huu, msimamizi upande ule, mashine zote kumi na mbili, chini ya dakika kumi. Kijana mmoja alishika kichwa kwa mikono miwili, na mimi nikadhani anashangaa kasi. Mama wa mapacha aliinuka akatoka taratibu. Nikadhani anawahi biashara yake. Halafu, kwa kuwa nafasi sasa ilikuwepo tele, nikaanza kunakili yale masomo ya video kwenye kila mashine, nikaenda kula.

Mama Mapacha alirudi mchana, kama saa tisa. Msimamizi alikuwa ameenda kufuatilia dizeli ya jenereta, na wengine wameshaondoka. Alisimama mlangoni, akanisalimu, akaniuliza kama nimekula. Kisha akaja karibu.

"Mwalimu, ile bintu ya poubelle, uliipeleka wapi?"

Bintu ni vitu, na poubelle ndiyo pipa, kwa Kifaransa chao. Nikamwambia kwa uchangamfu kwamba nimevimwaga, havipo tena. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye benchi, akashika magoti yake, akanieleza polepole kama mtu anayemweleza mtoto.

Mapacha hawakuwa wake wa kuzaa. Walikuwa wa dada yake aliyefariki huko kwao, na yeye aliwachukua wakiwa hawajaota meno, akavuka nao mpaka. Sasa faili lake la kuhamishiwa nchi nyingine lilikuwa limefika mahali pa mahojiano, Alhamisi asubuhi, na ofisa alikuwa amemwambia alete kitu cha kuonyesha kwamba wale watoto wamekuwa naye tangu wadogo. Alikuwa na picha tatu. Zile za karatasi ziliishia kwa mchwa, pamoja na sanduku lenyewe. Lakini kabla ya mchwa alikuwa ameziskani pale maabara, akazihifadhi kwenye mashine namba saba, ndani ya pipa, na kila mchana akija kuchapa alikuwa anachungulia kwanza kama ziko. Asubuhi ile nilipouliza, alitaka kusema. Akaona akisema atawafichua wenzake wote. Akapanga aniambie pembeni baada ya mkutano. Lakini mimi sikungoja mkutano uishe.

Nikageuka kuitazama mashine namba saba. Kunakili kulikuwa kumefika asilimia themanini. Nikaurukia waya wa umeme nikaung'oa ukutani.

Niwaeleze kwa nini. Pipa likimwagwa, faili zenyewe bado zimelala kwenye diski. Kilichofutwa ni ile orodha inayosema ziko wapi. Zinaendelea kuwepo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na ukiwahi unaweza kuzitoa. Sasa mimi nilikuwa nimeandika video juu yake kwa zaidi ya saa tatu, na nilikuwa nimeenda kula ugali.

Jenereta lilizimwa jioni kwa kukosa dizeli. Usiku ule siuelezi. Kulipokucha nilikuwa mlangoni kabla ya msimamizi. Nilimwambia kila kitu, na kwa mara ya kwanza akasikia habari ya pipa. Kisha akasema, kwa sauti ya kuumia, kwamba wangemwambia angewatengea folda yao. Mama Mapacha alikuwa ameshafika, akamjibu kwa upole tu kwamba wasingemwamini. Msimamizi aliwafungia wanafunzi wengine mlango siku hiyo, akaenda kuomba dizeli kwa majirani.

Nilichomoa diski ya namba saba, nikaiunganisha na laptopu kwa waya, nikawasha programu ya kuchimbua vilivyofutwa. Hiyo haikuletei majina. Inakuletea vipande, na kila kipande namba. Vikaanza kuja, mamia, kisha maelfu. Mwanzo nilifurahi, halafu nikaelewa maana yake: tungepaswa kuviangalia kimoja kimoja. Tulikaa mabega kwa mabega, mimi nabonyeza, yeye anatazama. Wachezaji wa mpira. Alama za programu. Picha za pasipoti za watu ambao wengine alisema walishaondoka kambini. Harusi isiyokuwa yake. Mwili wa marehemu umezungukwa na watu wasiokuwa wake. Kila mara alisema hapana, kwa sauti ile ile, na mimi nikabonyeza.

Kama angenitukana ningepumua. Hakunitukana. Saa sita akatoka kwenda kuwapa watoto chakula, akarudi na mandazi mawili kwenye gazeti, ya kwangu. Niliyaweka kando ya laptopu bila kuyaonja. Nikamfokea msimamizi juu ya kelele za jenereta, jenereta ambalo yeye ndiye aliyekuwa ametuombea dizeli yake. Nilikuwa nimekuwa mtu mbaya tu. Nilikuwa naomba Mungu kwa kila mbonyezo, na katikati ya maombi nafanya hesabu ya vilivyobaki, na kila nilivyohesabu nilizidi kuogopa.

Kama saa nane aliweka kidole chake kwenye kioo.

Ukuta wa kanisa wa matofali, kitambaa cha bluu kimetundikwa, na yeye mwenyewe, kijana zaidi, kilemba kichwani, anatazama kamera bila kucheka. Kuanzia kifuani kwenda chini picha ilikuwa kijivu. Kijivu kitupu, mpaka mwisho. Picha huhifadhiwa kuanzia juu kwenda chini, na nusu ya chini ilikuwa imekaliwa na somo langu la hesabu. Nilijaribu kila njia niliyoijua na nyingine nisiyoijua. Mapacha walikuwa wamesimama mbele yake, aliniambia, wanafika magotini, kila mmoja ameshika kipande cha kitenge chake.

"Mimi niko," alisema. "Batoto njo habako."

Tulimaliza vipande vyote saa kumi na moja. Zile picha mbili nyingine hazikutokea.

Nilimchapia ile nusu. Nikaandika na barua, kwamba mimi, fundi, nimeziharibu picha tatu za mama huyu kwa uzembe wangu, nikatia sahihi na namba ya kitambulisho. Alhamisi alienda na mapacha, wamevaa magauni ya Jumapili, nami nikakaa kwenye benchi lake nikimngoja. Alirudi mchana. Alisema ofisa alikuwa mtu mzuri, alimsikiliza mpaka mwisho, alisoma barua yangu, akauliza kama niliwahi kuziona hizo picha kwa macho yangu kabla ya kuzifuta. Mama akajibu kweli, kwamba hapana. Ofisa akaiweka barua ndani ya faili. Wangeitwa.

Nilirudi Lodwar. Nilikiondoa kile kitufe. Nikafanya pipa lifunguke lenyewe, lionyeshe kila kilichomo, picha kwa picha, na mtu akitaka kutupa atupe kimoja kimoja kwa mkono wake, hata ikichukua siku nzima. Karani alisema sasa ni polepole mno. Nikamjibu vibaya, akaninunia siku mbili, na alikuwa na haki.

Mwanzoni mwa 2013 msimamizi alinipigia simu. Sikuhitaji hata kuuliza, sauti yake ilitosha. Orodha ya wanaohamishwa ilikuwa imebandikwa. Mama wa mapacha amepita. Yeye peke yake. Watoto uhusiano wao ulitakiwa kuchunguzwa upya, na hakuna aliyesema lini.

Nilipofika Kakuma tena nilimkuta kwenye jiko lake, mapacha wameenda shule. Nilikuwa nimejiandaa kumsihi aende, awafuatilie watoto kwa makaratasi akiwa kule, nimekuja na hoja zangu zote kichwani. Akanipa kigoda. Akanimiminia chai. Akasema alishaenda ofisini wiki iliyopita.

"Niliwaambia, foto ni ya mimi peke yangu, lakini mimi siko peke yangu."

Walimweleza kwamba akikataa, nafasi hiyo huenda isirudi. Akawaambia amesikia. Wakampa karatasi atie sahihi, akatia, wakampa nakala. Alisoma Kifaransa kwao, Kiingereza hakukijua vizuri, kwa hiyo akaitoa ile nakala chini ya debe la unga na kuniomba nimsomee alichotia sahihi.

Nikasoma kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Kwamba yeye, mwenye namba hii, amekataa kuhamishwa. Kwamba amekataa kwa hiari yake mwenyewe, bila kushurutishwa na mtu yeyote. Mafuta yalikuwa yanachemka na mteja alikuwa amesimama na sahani yake, na mimi mtu mzima nalia juu ya karatasi ya watu.

Alimhudumia mteja kwanza. Kisha akaniuliza kama wameandika na sababu. Nikatazama. Chini palikuwa na mistari mitatu ya sababu, na ilikuwa mitupu. Nikamwambia hawakuandika kitu.

Aliifuta mikono yake kwenye kitenge, akaingia ndani, akatoka na kalamu ya mmoja wa watoto, akanipa. Nikamweleza kwamba hiyo ni nakala tu, kwamba hakuna ofisi itakayoisoma. Akasema anajua, niandike.

Nikaiweka karatasi kwenye goti langu, nikaandika kwamba watoto walikuwepo kwenye picha.